Homuweki: ukae na mtoto mwenyewe au umpeleke twisheni?

Ada zikishalipwa na yunifomu zikishanunuliwa mwezi wa kwanza, kinachobaki kila jioni ni homuweki, na huku kwetu Arusha kuanzia Sakina mpaka Kwa Mrombo wazazi wanaulizana kitu kimoja tu, nimtafutie twisheni au nikomae naye mwenyewe nyumbani? Wengi wanaamua kwa kuangalia mtoto wa jirani anaenda wapi, wa kwake ana shida gani hawajaangalia bado. Mimi ninao wawili, mkubwa yuko la nne na mdogo la kwanza, wote shule ya serikali, baba yao anaendesha watalii kwa hiyo kuna miezi tunamuona kwa picha tu, na mimi nafunga kibanda changu soko la Kilombero hapa hapa Arusha saa kumi na moja jioni. Njia zote mbili nazijua, na hata saa hizi mmoja anaenda twisheni na mwingine haendi, kwa sababu ambazo ntazieleza.

Kabla hujaulizia bei

Kuna mtoto haelewi, na kuna mtoto anaelewa vizuri tu ila hakai chini. Madaftari yao ukiyafungua yanafanana, mapengo kibao na "nione" ya kalamu nyekundu kila ukurasa, sa mzazi akiona hivyo anakimbilia twisheni kwa wote wawili.

Kuwatofautisha sio kazi kubwa. Chukua swali moja alilokosa, badilisha namba, yaani kama lilikuwa 3/4 kujumlisha 1/6 wewe mpe 2/3 kujumlisha 1/4, zima tivii, mwambie alifanye hapo mbele yako na usimwambie chochote. Akilimaliza, huyo hana shida ya kuelewa, amekosa mtu wa kumkalisha. Akianza kuangalia dari na kutafuna peni, au akajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini akakuandikia 3/7, basi kweli kuna kitu hakikuingia darasani na anahitaji mtu wa kumfundisha upya. Twisheni inamfaa huyu wa pili. Wa kwanza ukimpeleka unalipia meza na mtu mzima wa kukaa karibu, vitu ambavyo hata nyumbani ukijipanga vinapatikana.

Twisheni ya mtaani ikoje kiukweli

Kwa asiyeijua, twisheni nyingi za mitaani ni sebule au gereji ya mtu, ubao mmoja, mabenchi, watoto ishirini thelathini, kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili na kitu. Hela yake sio mbaya, mia tano au buku kwa siku, wengine wanapokea kwa mwezi, na ukiwa na wawili unaweza kuongea ukapunguziwa.

Uzuri wake mkubwa ni muda. Mtoto anajua saa kumi na nusu ni twisheni, haibembelezi mtu, anakuta wenzake wameshafungua madaftari na yeye anafungua. Nyumbani ukisema "kaa usome" unaanza kubishana, mara anaenda chooni, mara ana njaa, mara peni haiandiki. Na mzazi unayerudi saa moja usiku umechoka unakuta kazi imeshafanyika, hicho kitu tusikidharau, kwa single mama anayeuza mboga Kilombero au anayefanya shifti hotelini hiyo mia tano inampa usingizi.

Ubaya wake sasa. La kwanza mpaka la saba wako chumba kimoja na ticha ni mmoja. Wa la saba wana mtihani wa taifa mwezi wa tisa, wa la nne wana upimaji mwezi wa kumi, kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita ticha yuko na hao, wadogo wanapewa "nakili hii" na basi. Na hata kwa hao wakubwa kuna mchezo wa kuandika majibu ubaoni watoto wanakopi, daftari linakuja nyumbani limejaa tiki mzazi anafurahi, ukimbadilishia namba kama nilivyosema hapo juu hana kitu. Kwa hiyo tiki kwenye homuweki iliyofanyiwa twisheni usizihesabu kama maendeleo mpaka umpime mwenyewe.

Kingine ni nani anafundisha. Wako wengi ambao ni vijana waliomaliza kidato cha sita wanasubiri kwenda chuo, wana moyo na hesabu wanazijua vizuri, tena watoto wanawapenda maana hawana ukali. Ila wao wanamaliza mwezi wa tano na vyuo vinafungua kwenye mwezi wa kumi au wa kumi na moja, maana yake ukimtegemea kwa ajili ya upimaji wa la nne, wiki ile unayomhitaji zaidi ndo anafunga begi kwenda Dodoma. Muulize mapema. Na kuna walimu wa shule wanaofundisha twisheni jioni, hao uzoefu wanao, lakini akiwa ndo mwalimu wake wa darasani huyo huyo mimi huwa nasita, kwa sababu kile unachokilipia saa kumi na moja pengine ilibidi kifundishwe asubuhi bure.

Alafu kurudi. Jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa saba na baridi hii ya Meru mtoto wa la kwanza anatembea gizani na mbwa wa watu wameshafunguliwa. Kama twisheni sio mtaa wenu kabisa, hesabu na hela ya boda, au hesabu nani anamfuata.

Kukaa naye mwenyewe

Hapa watu wengi wanajitoa kwa kusema "mimi hesabu za siku hizi sizijui". Na kiukweli zimebadilika, mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa la kwanza na la tatu, kwa hiyo hata vitabu vya kaka yake aliyesoma kabla ya hapo havilingani tena na anachosoma mdogo. Lakini vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unaingia kwa simu, unatafuta darasa na somo, unaona mfano uliofanywa hatua kwa hatua. Dakika tano ukisoma mfano ule ukiwa jikoni unakuwa umemzidi mtoto hatua moja, na hatua moja inatosha.

Ila kama wewe hesabu zinakutia jasho mpaka leo, sikiliza hili. Kuna utafiti wa Marekani wa 2015, wa kina Erin Maloney na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliwafuatilia watoto wa la kwanza na la pili pamoja na wazazi wao. Wazazi wenye hofu ya hesabu waliokuwa wanasaidia homuweki mara kwa mara, watoto wao mwisho wa mwaka walikuwa wamejifunza hesabu kidogo kuliko wenzao na wao wenyewe wakaanza kuziogopa. Wazazi wenye hofu ile ile ambao hawakuwa wanasaidia sana, watoto wao hawakuathirika. Kwa hiyo mama unayegonga meza na kusema "hata mimi hesabu zilinishinda" huku unamnyang'anya peni, ni bora ukae tu pembeni unachambua mchicha.

Na kukaa pembeni kwenyewe ndo kazi inayotakiwa kwa yule mtoto anayeelewa ila hakai chini, huhitaji kujua kitu. Unamkalisha, unamwambia akueleze swali linataka nini kwa maneno yake, anafanya, akikwama anaruka anaendelea. Maswali aliyoshindwa usimfanyie, andika kwenye dayari au pembeni ya daftari "ya 4 na 5 zimemshinda" ili mwalimu aone. Wazazi wengi tunaona aibu mtoto kupeleka kazi yenye makosa, tunasahihisha nyumbani inaenda safi, alafu mwalimu anajua darasa zima limeelewa anasonga mbele na mada nyingine na mtoto wako anabaki pale pale.

Muda nao tusidanganyane. Walimu wengi wa Marekani wanatumia kanuni ya dakika kumi kwa kila darasa, yaani la kwanza dakika 10, la nne 40, la saba 70, na Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke ambaye ameifanyia kazi sana mada hii anaiunga mkono. Huyo Cooper na wenzake mwaka 2006 walikusanya tafiti za kule za miaka mingi, wakaona homuweki inaendana na ufaulu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari, kwa wadogo wa msingi uhusiano ni hafifu. Sio lazima tuige kila kitu cha Marekani, ila weka hiyo dakika 10 ya la kwanza pembeni ya twisheni ya saa moja na nusu kila siku uone. Huyu mdogo wangu ndo maana haendi. Anakaa kwenye kigoda mimi nikiwa nasonga, anasoma silabi zake kwa sauti, tukimaliza anaenda kucheza na hakuna aliyelia.

Tatizo la nyumbani ni kwamba inategemea mtu kuwepo, na hapa Arusha na Moshi kuwepo ni shughuli. Msimu wa juu wa utalii ni mwezi wa sita mpaka wa kumi, dereva yuko Serengeti, mpagazi yuko mlimani siku sita saba akishuka anapandisha kundi lingine, mama wa hotelini anaingia shifti ya usiku. Na mitihani ya la saba na la nne inaangukia humo humo. Kama nyumbani kwenu wote wawili mnafanya kazi za utalii, msipange mwezi wa pili kukiwa kimya mkadhani mtaweza hivyo hivyo mwezi wa tisa. Afadhali mkubaliane mapema kwamba kuanzia mwezi wa sita ataenda twisheni na mwezi wa kumi na moja anarudi nyumbani.

Dada wa kazi je? Inawezekana kabisa kwa upande wa kumkalisha. Ila mwambie mbele ya mtoto kwamba "saa kumi na moja dada akisema kaa, unakaa", vinginevyo hawatamsikiliza, watoto wana akili wanajua nani ana mamlaka. Na usimlaumu kwa swali lililokosewa, hukumwajiri kuwa mwalimu.

Wa inglishi midiamu ni kesi nyingine

Jirani zangu wa Njiro na Moshono wenye watoto inglishi midiamu wana mambo mawili sisi hatuna. Moja ni lugha, mzazi aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anaijua KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, vizuri sana, mtoto anamwambia LCM, wanabishana robo saa kumbe ni kitu kimoja. Hapo omba mtoto afungue mfano wa mwalimu kwenye daftari muufuate huo, usianze kumfundisha njia yako.

La pili ni basi la shule. Mtoto anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi na moja na nusu jioni baada ya kuzungushwa mji mzima, homuweki za masomo matatu zinamsubiri. Madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 mpaka 12 alale masaa 9 mpaka 12. Ukirudi nyuma masaa tisa kutoka saa kumi na moja alfajiri unapata saa mbili usiku, na hicho ndo kiwango cha chini. Toa kuoga, toa kula, umebaki na muda gani wa kumpeleka twisheni? Kwa hawa twisheni ya siku za shule mimi siioni kabisa. Kama haelewi somo fulani mtafutie Jumamosi asubuhi, na kama homuweki ni nyingi kupita kiasi ongeeni wazazi kadhaa mwende kwa mwalimu wa taaluma, mzazi mmoja akienda anaonekana msumbufu.

Mwalimu wa kuja nyumbani

Huyu ni katikati ya hizo mbili, na kwa kufundisha hasa ndo bora kuliko zote maana macho yake yako kwa mtoto mmoja. Bei ndo inakata watu, kwa mwezi unaweza ukalipa mara kadhaa ya twisheni ya mtaani, ila mkiungana familia mbili tatu zenye watoto wa darasa moja inashuka na watoto wanachangamka. Mpe kazi maalum, kwa mfano sehemu na desimali kwa miezi miwili, usimwache awe wa kudumu bila kujua anafundisha nini, wengine wanageuka kuwa watu wa kufanya homuweki ya mtoto kila jioni na mtoto anakaa kumsubiri. Na wafundishie sebuleni, mlango wazi, mtu mzima wa familia akiwepo. Hilo la mwisho halina mjadala hata kama mwalimu ni wa kanisani kwenu na mnamfahamu miaka yote, na kwa twisheni ya mtaani angalia hivyo hivyo, chumba kinaonekana kutoka nje au hakionekani.

Simu na tivii

Vipo vya bure vya maana. Ubongo Kids ya hesabu na sayansi iko hewani tangu 2014 na iko kwa Kiswahili, kwa mtoto mdogo Akili and Me, kwa wa sekondari Shule Direct. Vinasaidia mtoto kuelewa kitu kwa njia nyingine na kupenda somo. Kwa kusimamia homuweki havifanyi chochote, mpe kishkwambi saa kumi na moja umwambie atafute maana ya photosynthesis, ukirudi saa kumi na mbili anaangalia watu wanavyokaanga chipsi Uturuki. Simu iwe mkononi kwako, itumike kwa swali moja, irudi. Grupu la wazazi wa darasa WhatsApp nalo ni zuri kwa kujua homuweki ilikuwa ukurasa gani, likianza kupitisha picha za majibu saa tatu usiku zima data ulale.

Ningechaguaje

Mtoto wa awali mpaka la pili, nyumbani, hata kama mzazi hujasoma. Anachohitaji ni kusoma kwa sauti na kuhesabu vitu, vijiti, maharage, chenji ya kwa Mangi, na mtu wa kumsikiliza. Kama hakuna kabisa mtu jioni basi twisheni, lakini tafuta yenye wadogo peke yao.

La tatu mpaka la tano, mpime kwanza kwa lile swali la kubadili namba. Akishindwa hesabu, twisheni siku mbili kwa wiki kwa somo hilo tu, siku nyingine nyumbani. Ndo anavyofanya huyu wangu wa la nne, Jumatatu na Jumatano anaenda kwa ticha kwa ajili ya hesabu, siku zinazobaki anakaa mezani na mdogo wake. Ticha alitaka aende siku zote tano, ni biashara namwelewa, nikamwambia mbili.

La sita na la saba hapo mimi sibishi na twisheni, mtihani ni mtihani, na kufanya maswali ya miaka iliyopita pamoja na wenzake kunamsaidia kuliko kukaa na mama ambaye hajui maswali yanatungwaje. Ila iwe ya darasa lake peke yake, na isivuke saa kumi na mbili na nusu. Kwa wa sekondari wala usihangaike na ticha wa mtaani anayefundisha masomo yote tisa, hakuna mtu huyo, mtafutie wa hesabu au wa fizikia na mengine wajisomee kwa vikundi.

Na ukishaamua twisheni, muulize ticha mambo matatu kabla ya kutoa hela. Ni madarasa mangapi kwa wakati mmoja, ataondoka lini, na mtoto akikosa swali anafanya nini. Akikujibu hilo la tatu kwa "tunasahihisha ubaoni" chimba zaidi. Alafu wiki ya pili pita bila kuaga kwenye saa kumi na moja na nusu, simama dirishani dakika tano kama mtu anayemsubiri mwanae. Ukikuta ticha anazunguka kwenye mabenchi anachungulia daftari moja moja, mwache mtoto aendelee na hata ukichelewesha malipo mtafute umlipe. Ukikuta yuko kwenye kiti na simu, majibu yote yako ubaoni na wanao wanakimbizana kuyamaliza kabla hayajafutwa, mchukue mtoto siku hiyo hiyo, hela ya wiki mbili zilizobaki msamehe.